Watoto Tisa wa Longinus

Mwaka ule wa sabini na sita, pale Murungu, hakukuwa na uwanja wenye kelele za watoto kama uwanja wa Longinus mrina asali. Na katika mstari mzima wa nyumba zile, mtu asiye na mtoto alikuwa huyohuyo Longinus. Ukisikia hivyo utadhani ni kitendawili. Wala si kitendawili, ni asali.

Mambo yalikuwa hivi. Watu walikuwa wameshahamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakapangwa katika kijiji cha ujamaa, nyumba zimesimama mstari mmoja kama meno. Zamani jirani ulimjua kwa moshi tu, yuko ng'ambo ya bonde huko. Sasa yeye akipiga chafya, wewe ndiye unayejipangusa. Nyumba ya Longinus ikaangukia katikati. Kushoto alikaa kaka yake Kipriani na mkewe Pelagia, watoto watano. Kulia alikaa Bazilio na mkewe Immakulata, watoto wanne. Na Longinus alikuwa na mizinga arobaini kule porini. Sasa mtoto gani mwenye akili zake atacheza kwao wakati kwa jirani kuna masega? Wakifungua macho tu, kwa Longinus. Wakitoka shule, kwa Longinus. Wanatafuna nta mpaka taya zinauma, wanampanda mgongoni, wanamvuta ndevu, na wote wanamwita baba. Kwa Waha ndugu wa baba yako ni baba yako, na jirani wa baba yako naye hayuko mbali.

Mkewe Longinus aliitwa Ernesta. Mwanamke mrefu, mpole, mikono ya kazi. Miaka kumi na tatu ya ndoa, na hakuna aliyewahi kumwita mama kwa kuwa ametoka tumboni mwake. Lakini hilo halikusemwa. Mtu wa Kiha anaweza kusema sina ng'ombe, sina shati, hata sina akili, watu wakacheka yakaisha. Ila "sina mtoto" mtu halitamki, yeye wala mkewe, hata ndani mlango umefungwa. Ukilitamka umelikaribisha, umelipatia kigoda likae. Kwa hiyo Longinus na Ernesta waliishi na neno hilo nyumbani miaka kumi na tatu bila kulisalimia.

Basi mwaka wa nyuma yake mama yake Longinus aliugua, akalazwa hospitali kule Kasulu, Ernesta akaenda kumuuguza mwezi mzima. Yule bibi alipona, na mpaka hapo tunapoongea habari hii alikuwa bado analalamika kwamba chakula hakina chumvi. Lakini nyuma ya hospitali kulikuwa na nyumba ya masista wanaolea watoto yatima, na huko kulikuwa na kasichana ka miaka mitatu, Kezia. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili yeye akiwa tumboni, wakafika, wakamzaa, homa ikawachukua wote wawili. Huyo Kezia alikuwa hali na wenzake. Anachukua sahani yake, anapenya kwenye ua wa miti, anakuja kukaa karibu na Ernesta anayepika uji wa mgonjwa, anashika pindo la kanga yake, ndipo anakula. Wakaongea. Kirundi na Kiha ni kama ndugu wawili waliogombana kidogo tu, wanaelewana. Siku ya kuondoka Ernesta alilivuta pindo, kasichana kakavuta. Alivuta, kakavuta. Sista ndiye aliyekuja kuvifungua vidole.

Ernesta alirudi Murungu na sahani ndogo ya bati, ya kijani, aliyoinunua dukani Kasulu. Akaitundika ukutani. Longinus akaitazama.

"Hiyo ya nani?"

"Ya mgeni."

"Mgeni gani anakula kidogo hivyo?"

Ernesta akamweleza. Na Longinus, ambaye nyuki mia wakimwuma hatoi sauti, siku hiyo alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba muda mrefu, aliporudi macho mekundu akasingizia moshi.

Wakaenda kwa masista. Sista mkuu akawaambia mtoto hachukuliwi kama kifaranga, mkononi ukaenda naye. Kuna ofisi ya Ustawi wa Jamii hapo Kasulu. Mnajaza fomu, afisa anakuja kukagua nyumba, anaandika ripoti, mambo yanakwenda mahakamani, hakimu akikubali, mtoto ni wenu mpaka kufa.

"Mbona nilipooa sikuulizwa yote haya?" Longinus akasema.

"Labda ndiyo maana," Ernesta akasema.

Fomu ikajazwa. Kwa kuwa Longinus kalamu ilikuwa inamtoroka, alijaziwa na karani, jina, kijiji, kazi. Pale penye idadi ya watoto karani aliuliza, Longinus akakohoa, Ernesta akatazama dirishani, karani akaona watu wazima hawa wana aibu zao, akaandika afisa atahakikisha.

Siku ya afisa kuja ikajulikana: Alhamisi. Sasa hapo ndipo Pelagia, mke wa kaka, alipopata akili. Pelagia alikuwa na sauti ya kufukuza nyani, na moyo mzuri kuliko sauti.

"Shemeji," akamwambia Longinus, "zamani baba zetu walipokwenda kuomba ng'ombe kwa tajiri, tajiri alifanya nini?"

"Alikuja kutazama zizi."

"Akikuta zizi tupu?"

"Hakupi. Atasema huyu hajui kufuga."

"Sasa majirani walifanya nini?"

Longinus akacheka. Kila mtu alijua. Siku tajiri anapokuja kutazama, majirani wanaleta ng'ombe wao wanalaza kwako, tajiri anakuta zizi limejaa, anasema mkono wa huyu una baraka, anakupa ng'ombe wa kufuga. Na tajiri mwenyewe alijua, maana hata yeye alianza hivyohivyo.

"Basi," Pelagia akasema, "mwenye ng'ombe ndiye anayeongezewa. Nani atampa mtoto mtu mwenye uwanja mtupu? Alhamisi hawa tisa hawatoki hapa. Wataoga, watapakwa mafuta, watapangwa."

Ernesta alisitasita. "Na akiuliza ni wa nani?"

"Si wanamwita baba? Kuna uongo hapo?"

Hakuna aliyeona uongo. Immakulata naye akakubali, akaleta na shuka lake jipya lining'inie kwenye kamba, nyumba ionekane ina nguo.

Alhamisi ikafika. Landrova ya masista ikasimama, akashuka mwanamke kijana, Bi Tunu, mtu wa Pangani, amevaa masweta mawili moja juu ya jingine. Alikuwa na miezi minne tu Kasulu na alikuwa hajaamini kwamba Tanzania ina baridi. Wakampigia makofi ya kumsalimu, Longinus akauliza habari za nyumbani kwake, za wazazi, za safari, za gari, Bi Tunu akaitikia salama mpaka akaishiwa pumzi. Alikuwa na haraka. Kuna nyumba nyingine tatu za kukagua.

Mbele ya mlango walikuwa wamesimama watoto tisa, wanang'aa mawese kama sufuria mpya.

"Mashallah," Bi Tunu akasema. "Hawa wote wenu?"

Longinus akatazama watoto. Akamtazama mkewe. Lile neno lilikuwa limekaa palepale kwenye kigoda chake, linasubiri kusalimiwa. Aliyekuwa karibu naye, Dionis wa Immakulata, miaka minne, alikuwa amemshika kidole.

"Ni wetu, mama," akasema.

"Wote wanalala hapa?"

"Wanalala hapa, wanakula hapa, wanatapika hapa!" Pelagia akadakia.

"Mimi mama yangu ni—" Dionis akaanza, na Pelagia akamtia sega la asali mdomoni mpaka mashavu yakajaa.

Bi Tunu akaingia ndani, akatoka, akaandika, akafunga faili, akaaga. Hata nusu saa haikutimia. Gari lilipopotea kwenye vumbi, Pelagia alipiga vigelegele na Longinus akafungua pombe ya ndizi. Waliinywa kwa furaha. Wiki tatu walikaa wakimwona Kezia yuko njiani.

Barua ikaja. Aliyesoma ni mwalimu Hilali, mtu wa Lindi, ambaye barua zote za mstari ule zilipitia mdomoni kwake. Akasoma kimya kwanza. Hiyo ilikuwa dalili mbaya, maana Hilali alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti hata maandishi ya kiberiti.

"Wamekataa," akasema.

"Nani amekataa?"

"Ustawi. Wanasema familia ina watoto tisa tayari, vyumba viwili. Wanasema watoto wa kituo wanapewa kwanza watu wasio na watoto." Akameza mate. "Na wanasema wale waliotimiza miaka minne watahamishiwa kituo kikubwa Tabora. Mwisho wa mwezi huu."

Pelagia akakaa juu ya kinu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ng'ombe na watoto ni sheria mbili."

Ernesta hakulia. Alichukua kisu akaenda kumenya mihogo. Alimenya ya chakula cha mchana, akamenya ya jioni, akamenya ya kesho, akaanza ya keshokutwa. Longinus alipoona rundo limefika magotini, akaingia ndani, akavaa viatu.

Alipanda lori la tumbaku, akalala Makere kwa ndugu, asubuhi yuko Kasulu mlangoni kwa Bi Tunu na kibuyu cha asali.

"Hiki nini?"

"Asali."

"Mzee, hii ni rushwa."

"Siyo rushwa mama, ni asali. Ionje."

"Kaiweke nje." Bi Tunu akafungua faili. "Haya. Una watoto tisa, unataka wa kumi."

"Wale si wangu."

"Uliniambia wako."

"Ni wetu. Lakini wana mama zao na baba zao. Wale ni wa kaka yangu na jirani."

Bi Tunu akaweka kalamu chini. Hakukasirika, alichoka. "Baba, sasa nikuamini siku ile au leo? Kila wiki anakuja mtu hapa, anakana watoto wake apate kitu. Sema wazi basi, mbele yangu, niandike. Una mtoto au huna?"

Longinus akafungua mdomo.

Ukafunguka, hakuna kitu. Akaufunga. Akafungua tena. Nje mtu alikuwa anacheka, baiskeli ikapita inapiga kengele, na Longinus amesimama pale kama samaki aina ya mgebuka. Jasho likamtoka, na Kasulu kuna baridi.

"Mama," akasema mwishowe, "hilo unaloniambia niseme, kwa Waha halisemwi. Nikilisema, nimelifunga tumbo la mke wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Siwezi. Mimi nakuomba kitu kimoja. Siku ile ulikuja asubuhi ukaondoka upesi. Njoo tena, uje mchana, ukae mpaka jioni. Usiulize mtu. Wewe kaa tu, utazame. Jioni utaandika unachokiona."

"Jioni kuna nini?"

"Jioni kuna jioni."

Bi Tunu alimtazama sana. Labda aliona mtu mzima anatoka jasho kwenye baridi. Labda alikuwa ana kazi Kibondo wiki ile. Akasema Jumanne. Na Longinus alipotoka alikuta kibuyu hakipo pale nje, na mlinzi wa ofisi anajilamba kidole.

Jumanne Landrova ikamshusha Bi Tunu saa nane mchana, ikaendelea Kibondo, itamfuata jua likizama. Safari hii hakuna aliyeoga. Longinus aliwakataza wote, na Pelagia hasa.

"Shemeji, leo hata kinywa chako kiache nyumbani."

"Nikiache kwa nani?" Pelagia akasema, lakini alikwenda.

Bi Tunu akapewa kigoda kivulini pa paa. Akakaa kama hakimu, mkoba magotini. Ernesta alikuwa anapukuchua maharage. Baada ya muda Bi Tunu akachoka kukaa bure, akasogea, akaanza kupukuchua naye. Watoto wakarudi shule, uwanja ukajaa. Wawili wakapigania sega, mmoja akaangukia kwenye maharage. Dionis alikuja kumkagua mgeni, akaligusa sweta lake, akaacha alama ya vidole vitano vya asali, akarudi tena kuthibitisha kama vimeshika.

"Baba! Baba, huyu kaninyang'anya!"

"Baba, nione!"

Bi Tunu akamtazama Longinus, jicho moja. Longinus akatazama jua.

Jua likashuka taratibu, kama mtu asiyetaka kufika. Moshi ukaanza kutoka kwenye mapaa, nyumba moja, ya pili, mstari mzima. Ndipo Immakulata akasimama mlangoni kwake.

"Josephina weee! Njoo ule!"

Josephina akaachia kamba aliyokuwa anaruka, akaondoka mbio. Wadogo zake wawili wakamfuata.

"Makarius! Nikija huko utanitambua!" Huyo alikuwa Pelagia, amekirudisha kinywa chake. Makarius akaondoka. Akaita wa pili, akaondoka. Wa tatu, wa nne, wa tano. Huko chini kwenye mstari nyumba nyingine zikaitikia, kila mama jina lake, kila jina mtoto wake, mpaka sauti zikafika mwisho wa kijiji.

Akabaki Dionis. Alikuwa amejificha nyuma ya kigoda cha Bi Tunu, ameshika sketi yake.

"Hawakuiti?" Bi Tunu akamnong'oneza.

"Mimi ni wa hapa."

Immakulata akatokea na mwiko mkononi, unga bado unadondoka. "Wa hapa? Siku nakuzaa hawa walikuwa wapi? Toka kwa watu!" Akambeba kiunoni kama kuni, na Dionis akapiga kelele mpaka mlango ulipofungwa.

Kuku mmoja alikuwa anaparua penye maharage. Ernesta alisonga ugali, akapakua, ugali wa watu wawili. Akaleta kigoda chake na cha mumewe. Ugali ule ulikuwa mdogo, na uwanja ule, sasa, ulikuwa mkubwa sana. Bi Tunu akainua macho akaona ndani, ukutani, sahani ya kijani.

"Ile ya nani?"

"Ya mgeni," Ernesta akasema.

Bi Tunu hakuuliza mgeni gani. Alifungua faili akakata mstari mmoja, akaandika, akafuta, akaandika.

"Nimeandika hivi," akasema. "Watoto: hakuna. Watoto wanaoshinda hapo: tisa. Mkubwa wangu atadhani nimelewa." Akapuliza wino. "Na wewe mzee umeniongopea siku ile, nakusamehe kwa sababu ya asali."

"Asali umeila?"

"Mlinzi kaila. Nimeisikia harufu."

Longinus akacheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka, akasingizia moshi tena. Wakamlazimisha Bi Tunu ale. Alikula ugali wa muhogo kwa mgebuka, akasema Pangani samaki ni wakubwa zaidi, wakamwambia hata uongo wake ni mkubwa zaidi, Landrova ikaja ikapiga honi mara tatu kabla hajainuka.

Karatasi zikaenda mahakamani, zikakaa huko zikipumzika, zikarudi na muhuri. Kezia hakupelekwa Tabora. Aliletwa Murungu, ana kifurushi kimoja na viatu vya kulia na kushoto visivyofanana. Asubuhi ile alijificha nyuma ya kanga ya Ernesta. Saa sita alichungulia. Saa nane alikuwa na nta kwenye meno na amempiga Dionis.

Ikafika jioni. Moshi ukatoka. Immakulata akaita, watoto wake wakaondoka. Pelagia akaita, wake wakaondoka. Na Kezia, alipoona kila mtu anakimbia, naye akakimbia. Masista walikuwa wanapiga kengele watoto wote wanakwenda upande mmoja, yeye alijua jioni ndivyo ilivyo. Akaingia moja kwa moja kwa Pelagia, akakaa kwenye mstari wa wale watano, yeye wa sita.

Ernesta akatoka mlangoni. Uwanja mtupu. Mkononi ameshika ile sahani ya kijani, ina ugali na samaki aliyetolewa miiba. Akafungua mdomo, akaufunga. Longinus alimwona, akajua mdomo ule, maana wake pia ulifanya hivyohivyo kule Kasulu. Mwanamke huyu alikuwa amesikia jioni za miaka kumi na tatu watu wakiita. Yeye hakuwahi kuita.

"Ita," Longinus akasema.

"Kezia," Ernesta akasema. Hata kuku hakugeuka.

"Anasikia huyo? Ita!"

Ernesta akavuta pumzi.

"Kezia weee! Njoo uleee!"

Sauti ikaenda mstari wote mpaka mwisho, ikarudi. Kwa Pelagia mwiko ukasimama hewani. Kwa Immakulata mtu akasema, "Ni nani huyo?" na mwingine akajibu, "Ni Ernesta."

Miguu ikasikika. Kezia akatokea pembeni ya nyumba anakimbia na viatu vyake viwili tofauti, na nyuma yake Makarius, na nyuma yake wengine wa Pelagia, na kutoka upande wa pili Josephina na wadogo zake, Dionis mbele, kila mmoja ameshika tonge lake. Aliita mmoja, wakaja kumi.

"Rudini hapa, wanyang'anyi!" Pelagia akapiga kelele, lakini hakuwafuata.

Longinus akavitazama vigoda vyake viwili, akaona havitoshi hata nusu, akavisukuma pembeni na kukaa chini kwenye vumbi. Watoto wakamzunguka. Kezia akaja akakaa kati yake na Ernesta, akachukua sahani yake ya kijani, akashika pindo la kanga kwa mkono wa kushoto, ndipo akaanza kula.